Mguu Ambao Dada Hakuukanda

Dada yangu aliambiwa aende chuoni kufundisha kwa saa moja, ya majaribio. Neno "chuoni" alilisikia vizuri sana. Neno "majaribio" lilipita juu ya kichwa chake likaenda zake, na kufikia alasiri ya siku hiyo hiyo mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba mkandaji wetu ameitwa kuwa mwalimu wa chuo. Kinyozi alijua. Muuza mkaa alijua. Mama mwenye genge la mboga alimsimulia mteja aliyekuja kununua nyanya, na mteja mwenyewe hata si wa mtaa wetu. Mimi nilijua wa mwisho, na mimi ndiye mdogo wake wa kike, wa tumbo moja, tunakaa ukuta kwa ukuta.

Nilikasirika. Mimi ni fundi cherehani, na kukasirika kwangu ni sehemu ya kazi, wateja wamenizoea. Nilimfuata Dada nikiwa na pini mdomoni nikamwuliza kwa nini mambo yake nayasikia kwa kinyozi. Akanijibu kwamba alikuwa anakuja kwangu mwisho kwa sababu mimi ndiye wa kumshonea gauni, na habari ya gauni ni ndefu. Sasa mtu wa namna hiyo utamfanya nini?

Kwa wasiomjua, Dada anakanda watu. Shingo zilizokakamaa, migongo ya wabeba mizigo, vifundo vya wacheza mpira, wote hupita kwenye chumba chake cha mbele chenye benchi moja, mkeka mmoja na chupa za mafuta zilizopangwa dirishani. Ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja. Shule aliishia darasa la nne. Mtaani wanamwita Mama Viganja, na kweli, Mungu alipogawa viganja dada yangu alipanga foleni mara mbili.

Zamani alikuwa akikanda kimya kimya. Miaka ya karibuni ameingiwa na ugonjwa wa kuuliza. Hamgusi mtu kabla ya kumhoji kama polisi: unalala upande gani, kikombe unakiinua kwa mkono upi, maumivu yanakuamsha au unaamka ukayakuta, mara ya mwisho ulisafiri lini. Dirisha langu linatazamana na lake, kwa hiyo mimi hukaa kwenye cherehani nikihesabu maswali na kucheka peke yangu. Nilikuwa najua sababu yake: umri. Dada anazeeka na umbea unaongezeka.

Siku moja alikuja mwanamke mwenye miwani, shingo imekwenda upande kama anayechungulia chini ya kitanda. Aliulizwa maswali kumi na matatu. Mwishowe Dada alimkanda dakika kumi tu, akamwambia aache kubana simu kati ya sikio na bega. Mwanamke akaondoka anageuza kichwa huku na huku kwa furaha, karibu agongwe na baiskeli. Kumbe ni mkuu wa idara ya tiba ya viungo katika chuo cha afya, pale wanapofundishwa vijana wa kuwarudisha watu kwenye miguu yao, waliovunjika na waliopooza, kwa mazoezi na kwa mikono.

Alirudi wiki ile ile, shingo imenyooka. Akaeleza kwamba muhula huu wanaanza somo la tiba mbadala. Wagonjwa wengi, alisema, wakifika kliniki wameshapitia kwa mkandaji, kwa muuza mafuta na kwa mtu wa kuchoma sindano za Kichina. Mwanafunzi akiwacheka, wanafunga midomo, naye anabaki anatibu mwili asioujua umetoka wapi. Bora vijana wamwone mkandaji kwa macho yao. Ikienda vizuri, Dada angefika kila Jumatano muhula mzima. Isipoenda vizuri, basi, wangeshukuru na kuagana. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba kuna mwalimu mwenzake asiyelitaka kabisa somo hilo, na siku hiyo angekuwepo.

Dada alisikia "kila Jumatano".

Gauni alitaka la bluu, lenye kola, na mifuko miwili mikubwa mbele. Nikamwuliza mifuko ya nini. Akasema ya chaki, mwalimu gani anashika chaki mkononi njia nzima. Nikashona. Wakati huo kinyozi ameshaanza kumwita Mwalimu, muuza mkaa kamwiga, na Dada anaitika bila aibu hata kidogo. Nikamwuliza wasipomtaka huko atarudi mtaani na uso gani. Akasema atarudi na huu huu, hana mwingine.

Alicheka aliposema hivyo, lakini niliona mikono yake imetulia mapajani, na mikono ya dada yangu haitulii ila akiogopa. Ndipo nilipoelewa. Alitaka jambo moja tu maishani ambalo hakuwahi kulipata: aitwe mwalimu na mtu anayejua maana ya neno lenyewe, siyo na muuza mkaa. Niliogopa kwa niaba yake mpaka nikakosea kushona kola.

Jumatano ikafika. Mimi nilichukuliwa kama mwili, maana alihitaji mtu wa kumkandia mbele ya darasa. Nilibeba chupa ya mafuta, taulo mbili na huo mwili. Futi yangu ya kupimia ilikuwa shingoni kama kawaida, nilisahau kuivua. Njiani Dada alimsalimia kila mtu, wengine mara mbili.

Chumba chao cha mazoezi kilikuwa kikubwa na safi, vitanda vinane vya ngozi ya bluu, ngazi za mbao ukutani, mipira mikubwa ya rangi ambayo mtu mzima anaweza kuikalia, na kona moja kiunzi cha mifupa kinaning'inia kwenye stendi. Wanafunzi thelathini na wawili, fulana nyeupe. Ubao nao ulikuwa mweupe, wa kuandikia kwa kalamu za wino. Dada alitia mkono mfukoni akatoa boksi zima la chaki, akautazama ubao, akalirudisha boksi taratibu mfukoni kama hakuna lililotokea. Niliuma midomo nisicheke.

Kisha akakisogelea kile kiunzi cha mifupa, akakikagua kuanzia juu hadi chini kama anavyokagua wateja. Akanirudia akaninong'oneza kwamba huyu bwana nyayo zake zimefungwa kinyume, ya kulia iko kushoto, dole gumba liko nje. Nikamfinya. Nikamwambia sisi ni wageni, aache mifupa ya watu.

Yule mwalimu asiyelitaka somo alikuwa amekaa nyuma kabisa, mwembamba, tai imekazwa, daftari gotini. Wanafunzi walikuwa wamempa jina la Ushahidi, kwa kuwa ukimwambia lolote atakuuliza ushahidi uko wapi. Msichana mmoja alinidokeza kwamba eti hata mke wake akisema chakula tayari, anaulizwa.

Mkuu wa idara akatutambulisha. Dada akasalimia, akauliza vijana wameamkaje, akanilaza kitandani kifudifudi na kuanza kueleza habari za mgongo. Hapo ikatokea aibu ambayo nitakwenda nayo kaburini. Mimi nina mtekenyo. Nyumbani Dada hunikanda kwa mafuta aliyoyapasha moto, mwili unalegea, mtekenyo haupati nafasi. Chuoni kulikuwa na feni tatu na mafuta yalikuwa baridi. Aliponigusa tu ubavuni nikapiga kelele, kisha kicheko kikanitoka, na kilipotoka hakikurudi. Akajaribu upande wa pili, ikawa mbaya zaidi. Nilijipinda, nikapiga teke, na kitanda kikaanza kuondoka.

Vitanda vya chuo vina magurudumu. Nani alinijulisha? Nilisafiri nikiwa nimelala kifudifudi, nacheka, nimeshika kingo kwa mikono miwili, mpaka nikaigonga ile mipira. Mpira mwekundu ukaenda zake ukakigonga kiunzi cha mifupa, nacho kikaanza kutikisa kichwa kama mzee anayekubali mashauri. Darasa zima lilivunjika mbavu. Kuna waliokaa chini, kuna aliyekumbatia ngazi za ukutani. Dada mwenyewe, badala ya kuniokoa, alikuwa ameinama, mikono magotini, anacheka kile kicheko chake kisicho na sauti, mabega tu yanapanda na kushuka. Mkuu wa idara alivua miwani afute machozi. Aliyebaki mzima ni Ushahidi, na alikuwa anaandika.

Nilipomwona anaandika kicheko kilinikauka. Nilijua tumeshaharibu.

Alisimama, akanyoosha tai. Alisema kwa adabu, sikatai, kwamba wamemfurahia sana mama, ila kumfurahisha mtu si kumtibu. Kama inawezekana, angeomba sasa apewe mgonjwa. Akaashiria, na kijana mrefu waliyemwita Mlingoti akaingia mlangoni anachechemea. Suruali imekunjwa, kigimbi cha kushoto chekundu. Akaeleza kwamba amekaa kwenye basi siku mbili mfululizo, hakuanguka, hakujigonga, na tangu jana mguu huu mmoja umevimba, una moto, unauma akikanyaga. Anaomba akandwe.

Wanafunzi wakaanza kutazamana. Mimi sikujua kwa nini, niliambiwa baadaye. Mguu wa namna hiyo huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiukanda, bonge linaweza kuchomoka likapanda mpaka kwenye mapafu, na mtu akafa mikononi mwako. Wao walifundishwa mwaka wa pili. Ushahidi alitaka waone mkandaji akiutia mafuta mguu ule mbele ya macho yao, na somo la tiba mbadala lifungwe siku hiyo hiyo.

Dada hakugusa mafuta. Alivuta kigoda akaketi mbele ya Mlingoti na kuanza. Basi lilisimama mara ngapi njiani? Mguu mwingine je? Imewahi kukupata kabla? Kifua kinauma? Ukipanda ngazi unahema? Kuna mtu kwenu aliwahi kuugua hivi? Mlingoti alikuwa amejiandaa kwa majibu matano hivi. Yalipokwisha akaanza kutoa jasho, akamtazama mwalimu wake, na mwalimu akatazama daftari. Kisha Dada akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka, akaivuta futi yangu shingoni, akapima kigimbi cha kushoto, akapima cha kulia. Akainama kidogo akanusa.

Akasimama. Akarudi nyuma hatua mbili, akaitia mikono yake yote miwili katika ile mifuko ya chaki.

"Mwanangu, mguu wako mzima," alisema. "Yote miwili ni sawa kwa futi, na huo wekundu unanuka dawa ya kuchua. Lakini hadithi uliyonipa siyo ya mguu mzima. Mtu akiniletea hadithi hiyo simgusi. Namtafutia gari aende hospitali, na simwondolei macho mpaka gari lifike."

Mlingoti akashusha suruali polepole. Kukawa na minong'ono, na nilianza kutabasamu, kumbe mapema. Ushahidi alikuwa amesimama bado.

"Umejuaje, mama?" aliuliza. "Nani alikufundisha?"

Dada alinitazama mimi. Nami nilijua jibu. Miaka minane iliyopita mume wangu, dereva wa lori, alirudi kutoka safari ya siku tatu akilalamika mguu. Dada alimkanda nusu saa nzima, kwa upendo wote, na kabla jua halijazama mume wangu alikuwa hospitalini anatafuta pumzi. Alilazwa wiki tatu. Alipona. Mimi sikumsemesha dada yangu kwa miezi mitano, na ukuta wetu ni mmoja, namsikia hata akikohoa. Baadaye tulirudiana, tukacheka, tukaazimana chumvi, lakini mguu ule haukutajwa tena kati yetu. Na sasa mtu mwenye daftari alikuwa anauliza. Akijibu kweli, anampa kisu cha kumchinjia. Nikamtikisia kichwa: usiseme.

Akasema.

"Niliukanda mmoja kama huo kwa mikono hii. Wa shemeji yangu. Nusura nimuue. Nilikuwa sijui kuuliza, na tangu siku hiyo nauliza."

Nilikuwa bado nimeketi juu ya kile kitanda kitoro, mgongo umejaa mafuta, taulo begani, na nikahisi aibu kubwa kuliko ile ya mtekenyo. Yale maswali yote niliyokuwa nikiyahesabu dirishani na kuyacheka. Nilisema ni umri, nilisema ni umbea. Kumbe kila mteja aliyeketi kwenye benchi lile miaka minane alikuwa anaulizwa kwa sababu ya mume wangu, na mimi, niliyemnunia miezi mitano, sikujua. Nililia pale pale. Na kwa kuwa mimi nikilia hukasirika, nilimgeukia Ushahidi.

"Mguu huo ni wa mume wangu," nikamwambia. "Yuko nyumbani, mzima kabisa, na leo asubuhi ndiye aliyelipiga pasi hilo gauni. Andika na hiyo."

Wakacheka, lakini kicheko chenye pua zinazovutwa. Ushahidi hakucheka. Alikaa, akasimama tena, akafungua ukurasa mpya.

"Mwalimu," alisema, "naomba uyarudie maswali hayo, polepole. Wanafunzi waandike."

Dada aligeuka nyuma kutafuta mwalimu aliyekuwa akiambiwa. Hakukuwa na mtu nyuma yake, ulikuwepo ubao tu. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa umefunguka wote, sijawahi kuuona hivyo hata siku ya harusi yake, na harusi yake nilikuwepo. Akayarudia maswali kumi na matatu, kisha akaongeza la kumi na nne alilolitunga hapo hapo kwa furaha. Vijana thelathini na wawili waliandika. Mlingoti aliuliza futi inashikwaje, nikamfundisha mimi, na kwa dakika tano nikawa mwalimu na mimi.

Nilidhani tutatoka salama. Lakini Dada, mtu akishamwita mwalimu, hana breki. Alipofika mlangoni alisimama, akakionyesha kile kiunzi cha mifupa na kuuliza, kwa upole kabisa, ni nani aliyemfunga huyu mwenzao nyayo kinyume. Ushahidi alikwenda akachuchumaa mbele ya kiunzi. Ilibainika kwamba kiliwahi kuoshwa na kufungwa upya wakati wa likizo, miaka miwili nyuma, na tangu hapo walikuwa wakifundishia na kufanyia mitihani mtu mwenye madole gumba ya nje. Mwalimu yule alichuchumaa muda mrefu, tai inagusa sakafu.

"Ushahidi upo," akasema mwishowe, na darasa lilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Ofisini tulipewa daftari la walimu ili Dada asaini. Kulikuwa na safu ya tarehe, ya jina, ya saa, na ya mwisho ya somo lililofundishwa. Mkuu wa idara alisema waziwazi kwamba Jumatano ijayo ni saa ile ile, na anayepinga hayupo, kwa sababu mpinzani alikuwa bado chini anabadilisha nyayo. Dada alishika kalamu kama anavyoshika kitu cha kuazima, akaandika jina lake, akatoa ulimi kidogo pembeni, akaandika tena, herufi moja moja, kwa muda mrefu. Mimi nilichungulia begani kwake. Penye somo lililofundishwa alikuwa ameandika: Mguu wa shemeji.

Nilitaka kumwambia kwamba daftari la chuo si mahali pa mambo ya nyumbani. Nikamshika mkono, na mafuta yake yote, tukatoka kwenda kumwambia mwenye mguu.